Kubeba Mfuko Wako Mwenyewe Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa ngazini kwetu Buruburu, kwenye kibanda cha mama mboga, ndani ya matatu, na mengine nimejiuliza mwenyewe. Ninayajibu kama mtu anayenunua chakula cha nyumba karibu kila siku na ambaye ameishi Nairobi ya majuala, yaani mifuko myepesi ya plastiki, na Nairobi ya baada ya majuala.

Majuala yalipigwa marufuku 2017. Mbona bado tunazungumzia mifuko?

Kwa sababu tulibadilisha mfuko tukabaki na mazoea yale yale.

Kumbuka hali ilivyokuwa kabla ya 28 Agosti 2017. UNEP, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, lilikadiria kwamba supamaketi za Kenya peke yake zilikuwa zikigawa majuala milioni 100 kwa mwaka. Hapo hujahesabu ya vibanda, ya buchari wala ya wachuuzi wa barabarani. Yalining'inia kwenye seng'enge na kwenye miti ya miiba, yakaziba mitaro kila mvua za Aprili ziliposhuka, yakaelea Mto Nairobi hadi maji yasionekane. Kwenye machinjio ya jiji, ng'ombe walipasuliwa wakakutwa na majuala tumboni, wengine hadi ishirini. Mwaka 2005 Wangari Maathai, akiwa waziri msaidizi wa mazingira, alionya kwamba majuala yaliyotapakaa huhifadhi maji ya mvua na kuwa mazalio ya mbu wa malaria. Serikali ilijaribu kuzuia majuala mepesi 2007, ikajaribu tena 2011, na mara zote mbili haikufua dafu. Mara ya tatu ndiyo iliyoshika.

Kwa hiyo hatua ilipigwa, na anayesema hakuna kilichobadilika hakuiona Nairobi ya zamani. Lakini tazama tunavyonunua leo. Mtu anapitia supamaketi Jumatatu akitoka kazini, mikono mitupu, ananunua mfuko kaunta. Alhamisi ananunua mwingine. Mwisho wa mwezi chini ya sinki kuna rundo la mifuko iliyobeba mzigo mara moja tu. Mfuko hauwi wa kutumika tena kwa kuandikwa hivyo ubavuni. Unakuwa hivyo siku unaporudi nao dukani.

Sheria inakataza nini hasa?

Tangazo lilitolewa Februari 2017 na aliyekuwa Waziri wa Mazingira, Judi Wakhungu, likaanza kutekelezwa miezi sita baadaye. Linakataza kutengeneza, kuingiza nchini na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iwe yenye mikono au ile bapa isiyo na mikono, dukani na nyumbani. Adhabu ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4, au vyote viwili.

Kifungashio kinachowekwa kiwandani, kama nailoni ya mkate, hakimo katika marufuku hayo. Na tangu 5 Juni 2020 kuna katazo jingine: plastiki za kutumia mara moja, kama chupa za maji, vikombe, sahani na mirija, haziruhusiwi katika mbuga za taifa, misitu na fuo. Ukienda kutembea msitu wa Karura au Mbuga ya Nairobi na watoto, beba chupa ya kujaza.

Ile mifuko laini ya rangi rangi inayouzwa kaunta si kitambaa?

La. Ni plastiki, na hapa ndipo wengi wetu tumepotea.

Ukiushika unahisi kama kitambaa, ni mwepesi, hauchakachi kama juala. Lakini umetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki. Nyuzi za plastiki hubanwa pamoja kwa joto bila kufumwa. Ndiyo maana ukiutazama kwa karibu huoni nyuzi za kwenda na za kurudi kama za leso, unaona vidoa vidogo vidogo vilivyopangwa sawasawa, pale ulipobanwa. Uguse na pasi ya moto, unayeyuka. Uache juani kwenye kamba ya nguo miezi kadhaa, unaanza kupukutika vipande vidogo kama maganda. Vipande hivyo havioi. Vinaingia kwenye udongo na mitaroni.

Mimi siuchukii mfuko huu. Ulio mzito, ulioshonwa kwa uzi pembeni na chini, unaweza kukutumikia muda mrefu. Shida ni ile myembamba iliyogandishwa kwa joto tu, ambayo mkono wake unang'oka ukitia unga pakiti mbili na lita moja ya mafuta. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliiona shida hiyo, ikatangaza kwamba itaipiga marufuku kuanzia 31 Machi 2019, ikilalamika kuwa mingi iliyokuwa sokoni ni duni kiasi kwamba haiwezi kutumika tena na tena. Bado inauzwa. Ukilazimika kununua, vuta mikono kwa nguvu kabla ya kulipa, na utazame kama imeshonwa.

Basi ninunue mfuko gani?

Kwanza usinunue. Fungua kabati lako. Mfuko bora wa kuanza nao ni ule unao tayari, hata kama ni wa kaunta, hata kama una tangazo la benki ubavuni. Umekwisha kulipiwa, na plastiki yake imekwisha tengenezwa. Utumie mpaka uishe.

Ukiisha, ndipo uchague, na hapa Nairobi tuna bahati ya kuchagua.

Kiondo ndicho ninachokipenda. Wakamba hukiita kyondo, Wakikuyu kĩondo, na kabla hakijawa pambo la mtalii kilikuwa chombo cha kazi: mama alikibeba mgongoni, kamba ya ngozi ikipita kwenye paji la uso, kikiwa kimejaa viazi au mahindi. Mkonge uliosukwa vizuri hutanuka mzigo ukiongezeka na hurudi ulivyokuwa ukipungua. Ukitaka cha kubebea chakula, usinunue kile kidogo chenye shanga kilichotengenezwa kwa ajili ya picha. Tafuta chenye kitako kipana na kamba ndefu ya ngozi iliyoshonwa, si iliyogundishwa. Soko la Kariokor wanavyo, na ukifika utawakuta mafundi wa ngozi hapo hapo wanaoweza kukubadilishia kamba. (Jina la soko hilo lilitokana na kikosi cha wabeba mizigo wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waafrika waliobebeshwa risasi na chakula cha jeshi, na wengi wao hawakurudi. Siwezi kupita hapo na kikapu bila kuwakumbuka.)

Kikapu cha ukindu kutoka Pwani ni chepesi na kinafaa matunda, ila hakipendi kunyeshewa kila siku.

Mfuko wa turubai au wa jinzi kuukuu unaweza kushonewa na fundi yeyote wa kona. Mpelekee suruali ya mtumba iliyokwisha magoti, mwambie akate miguu, afunge chini, aweke mikono mirefu. Ni kazi ya dakika chache kwake.

Halafu kuna mfuko wa gunia, ule unaoshonwa kwa magunia ya sukari au ya mchele. Nao ni plastiki, lakini umefumwa, una nguvu, na ndio utakaouona mabegani mwa akina mama wanaoshuka soko la Muthurwa alfajiri. Kwa viazi na kabeji hauna mpinzani.

Na usisahau leso. Ikunje, funga ncha mbili mbili, umepata mfuko. Bibi zetu hawakuhitaji kufundishwa hilo.

Nitumie mfuko mara ngapi ndipo uwe na maana?

Swali zuri, kwa sababu mfuko mzito hula malighafi zaidi kuutengeneza. Shirika la Mazingira la Uingereza lilichapisha hesabu zake 2011. Lililinganisha mifuko na juala jepesi lililotumika mara moja tu, likipima mchango wake katika kuongeza joto duniani. Mfuko wa karatasi ulihitaji kutumika mara 3 ili kulilipa deni lake, ule wa polipropilini usiofumwa mara 11, na wa pamba mara 131.

Mara 131 zinatisha kwa mtazamo wa kwanza, lakini ukienda sokoni mara tatu kwa wiki utazifikia kabla mwaka haujaisha. Hatari ni kwa yule mwenye mifuko kumi ya pamba aliyopewa kwenye mikutano na semina, yote mipya, yote imening'inia nyuma ya mlango. Huyo angekuwa na miwili tu ingemtosha. Kumbuka pia hesabu hiyo haipimi ng'ombe aliyemeza juala wala mtaro ulioziba Mathare. Inapima joto tu.

Mfuko wa karatasi si jibu rahisi zaidi?

Kwa mandazi, ndiyo. Kwa mzigo wa wiki, hapana. Kaki inalowa, na Nairobi ya Aprili hairehemu karatasi. Nimeona nyanya za mtu zikibingirika kwenye ngazi za daraja la miguu na kila mtu anazikanyaga. Na kama ulivyoona hapo juu, karatasi yenyewe inataka itumike mara tatu, nayo mara nyingi haimalizi safari ya kwanza.

Mama mboga ananitilia sukuma iliyokatwa kwenye kijuala. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Majuala makubwa yaliondoka, lakini vile vijuala vyepesi vinavyoonyesha ndani vimerudi. Vinaingizwa kimagendo kupitia mipakani, vinauzwa kwa siri sokoni kwa fungu, na mwisho vinafika kwenye kibanda kilicho nje ya lango lako. Mama mboga anavinunua kwa sababu wewe na mimi tunamwambia atukatie sukuma, na sukuma iliyokatwa haibebeki mkononi. Kisha sisi tunaenda zetu, yeye anabaki na kosa la shilingi milioni 2 chini ya meza. Askari wa kaunti au afisa wa mazingira akija, hatakuuliza wewe. Atambeba yeye, na pengine mtaji wote wa siku unakwenda hivyo.

Kwa hiyo mteja ndiye wa kuanza. Mimi nilinunua bakuli la plastiki lenye kifuniko, la lita tatu. Jioni nikishuka matatu, nalitoa kwenye begi, namwambia mama: "Nikatie ya hamsini, utie humu." Mara ya kwanza alicheka. Wiki ya tatu akaanza kuliulizia: "Leo bakuli liko wapi, kastoma wangu?" Sasa kuna majirani wanne wanaofanya hivyo na kwenye rafu yake ya chini kuna mabakuli mawili yaliyoachwa na wateja wanaopita kila jioni. Na sukuma iliyomo kwenye bakuli haipondeki njiani.

Kama hutaki kubeba bakuli, nunua sukuma nzima, ifungwe kwa kamba ya mgomba au ukambaa, uitie kwenye kiondo na ukate mwenyewe. Gazeti nalo linatumika, ila silipendi kwa chakula kilicho tayari kwenda sufuriani, kwa sababu ya wino.

Jambo moja: usimkaripie. Mwombe. Yeye anahesabu faida ya shilingi tano tano, na mteja anayemhubiria mbele ya wateja wengine anamfukuzia riziki.

Na nyama? Samaki je?

Bakuli lenye kifuniko kinachobana, tofauti na lile la mboga. Mpe muuza nyama kabla hajakata, aliweke kwenye mizani kwanza apime uzito wake, ndipo atie nyama. Muuzaji mwema atafanya hivyo bila kununa. Akikataa, apime nyama kwenye karatasi yake kisha akutilie.

Kwa samaki wa Gikomba au wa City Market, hakikisha kifuniko kinafunga barabara, la sivyo matatu nzima itajua chakula chako cha jioni.

Bakuli lioshwe kwa maji moto na sabuni siku hiyo hiyo.

Maziwa, mafuta, mchele?

Hapa Nairobi ilitangulia hata kabla ya marufuku. Mashine za maziwa ziko karibu kila mtaa: unakwenda na chupa au kibuyu chako, unajaza kulingana na pesa ulizo nazo. Mafuta ya kupima vivyo hivyo. Nafaka ukienda Nyamakima unaweza kubeba vimifuko vyako vya kitambaa vyenye kamba ya kuvuta, kimoja cha maharagwe, kimoja cha ndengu, kimoja cha mchele. Vishone kwa mashuka ya zamani.

Huwa nasahau mfuko nyumbani. Nimejaribu, nimeshindwa.

Mazoea yana taabu, nayo hayaondoki kwa kujilaumu. Uhamishe mfuko, usihamishe nia. Kama mfuko uko jikoni na wewe unanunua vitu ukitoka kazini, hautakusaidia hata ukiupenda namna gani. Tia mmoja mwembamba wa kukunjika ndani ya begi lako la kila siku na usiutoe ila kwa kuuosha. Mwenye gari aweke miwili kwenye kiti cha mbele, kwa sababu ya kwenye buti huikumbuki mpaka umefika kaunta. Ya kubwa ya soko la Jumamosi itundikwe kwenye kitasa cha mlango, si kwenye kabati, ili huwezi kutoka bila kuigusa.

Ukimaliza kupanga vitu nyumbani, rudisha mfuko mahali pake dakika ile ile. Nimechunguza nyumbani kwangu: tunaposahau, tatizo huwa halikuanza asubuhi ya kutoka. Lilianza jana jioni mfuko ulipoachwa chini ya meza.

Na ukisahau kweli, una vitu vitatu, vibebe mkononi. Inawezekana zaidi ya tunavyodhani.

Nitaokoa pesa?

Kidogo kidogo, ndiyo. Tuseme unanunua mfuko wa shilingi 20 mara moja kwa wiki. Mwaka ukiisha umetoa shilingi 1,040. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwa pesa hizo unapata unga wa siku kadhaa.

Askari wa mlangoni hatanishuku nikiingia supamaketi na mfuko wangu?

Watu wengi wanaogopa hili, hasa vijana. Mfuko mtupu, uliokunjwa, uonyeshe mlangoni na uingie nao. Ukiwa na vitu ndani, uache kaunta ya mizigo uchukue namba, kama begi jingine lolote. Ndani, tumia kikapu cha duka. Usitie bidhaa kwenye mfuko wako kabla ya kulipa hata kama ni kwa nia njema. Ukitoka, shika risiti mkononi. Niliwahi kusimamishwa mara moja katika duka ambalo sitalitaja, nikaambiwa nimwage kila kitu mbele ya watu. Iliniuma. Tangu siku hiyo nasalimia askari nikiingia, namwonyesha mfuko, na haijatokea tena.

Mwanamume anaweza kubeba kiondo?

Anaweza. Ana mabega. Asiyetaka kiondo abebe mfuko wa turubai au begi la mgongoni. Mumewe rafiki yangu hupitia soko la Marikiti kila Jumamosi na mfuko wa gunia begani na hakuna aliyewahi kumtazama mara mbili.

Niuoshe vipi?

Kitambaa, turubai na jinzi: pamoja na nguo, sabuni ya kawaida, uanike juani. Kiondo cha mkonge: usikiloweke. Kisugue kwa brashi na maji kidogo yenye sabuni, suuza haraka, kijaze magazeti makavu kisilegee umbo, ukianike kivulini, na ngozi uipake mafuta kidogo ikikauka. Mifuko laini ya polipropilini: maji baridi, mkono, na usiianike kwenye jua kali. Mfuko uliovujiwa na damu ya nyama au maziwa usisubiri Jumamosi.

Majuala ndiyo tulikuwa tukitilia taka. Sasa taka tuzitilie wapi?

Ndoo yenye kifuniko. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza, na Aprili 2024 NEMA iliagiza kwamba mifuko ya taka zinazooza iwe ile inayooza kabisa. Ukitenganisha utagundua kwamba zilizo nyingi ni maganda na mabaki ya mboga. Hizo zitandikie gazeti ndani ya ndoo, uzimwage kila siku. Kwenye mitaa mingi kuna mtu anayefuga kuku, mbuzi au nguruwe ambaye atayapokea maganda kwa furaha. Zisizooza ni kavu, hazinuki, zinaweza kukaa kwenye gunia hata wiki.

Nina wageni wanakuja kutoka nje. Niwaambie nini?

Waambie wasije na majuala ya dukani mkononi. Watatakiwa kuyaacha uwanja wa ndege wanapoingia. Wanaovuka kwa basi kupitia mpaka wa Namanga wajue kwamba Tanzania nayo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 1 Juni 2019, na wanaotoka Rwanda wamezoea hali hii tangu 2008.

Mfuko wangu umechakaa. Niutupe?

Mkono ukikatika, ushone. Ukitoboka kitako, weka kiraka cha ndani. Kiondo changu alikinunua mama yangu kabla sijaanza shule. Kamba imebadilishwa Kariokor mara tatu, na mdomo umefumwa upya na mama mmoja wa Machakos aliyeketi pembeni ya soko na kuukamilisha nikisubiri. Sasa kimelegea, hakifai tena kubeba viazi kilo kumi. Kinakaa jikoni juu ya stuli, kimejaa vitunguu, na hewa inapita vizuri kwenye mkonge; haviotei.